Zilipendwa na nani? Saba bora zetu za miaka 35

Kazi yangu ni kuhesabu. Mimi ni mhasibu, nalipwa kuamini tarakimu, na kusema kweli huwa naziamini. Kwa hivyo msinicheke nikiwaambia kwamba mwaka huu wa 2025 nimegombana na orodha ya nyimbo.

Mambo yalianza hivi. Mwezi wa Agosti wazee wangu walitimiza miaka 35 tangu washuke uwanja wa ndege wa Pearson na masanduku mawili na dada yangu, wakati huo mtoto wa miaka mitatu. Hawakwenda mbali. Walipanga nyumba kwenye maghorofa ya Dixon Road, kati ya Kipling na Islington, na mpaka leo wako hapo hapo Kingsview Village, ndege zikipita juu ya dirisha la jikoni. Tukasema haya, tuwafanyie karamu. Tukachukua ule ukumbi wa chini wa jengo letu, tukagawana kazi: viazi karai huyu, mahamri yule, halwa mwingine. Muziki akapewa mpwa wangu, binti ya dada, ana miaka 16.

Binti ni mwerevu. Akaandaa "Bora 35", wimbo mmoja kwa kila mwaka, na akazipanga kwa idadi ya waliotazama YouTube. Juu kabisa akawa Innoss'B wa Goma na Diamond, "Yope" ya 2019, iliyopita milioni 100 zamani. Chini yake Diamond tena, halafu Zuchu, halafu Diamond. Katikati hapo akapachika "Hakuna Matata" ya ile filamu ya simba, manake nayo namba zake si mchezo.

Mamangu akavaa miwani, akaisoma orodha yote kwenye simu mpaka chini. Kisha akauliza:

"Hizi zimependwa na nani?"

"Na watu, nyanya."

"Watu gani?"

"Watu milioni mia!"

"Basi nitajie mmoja."

Binti akanitazama mimi, mjomba wake mwenye digrii ya hesabu. Nami sikuwa na jibu.

Swali lile nimelibeba tangu siku ile, na ndilo ninaloandikia leo. Kila penye maadhimisho siku hizi, ya wimbo, ya filamu, ya bendi, ya harusi ya shangazi, tunasherehekea kwa orodha ya vilivyopendwa zaidi. Vimependwa na nani? Hapo ndo tunanyamaza. Maoni yangu ni kwamba kwa watu kama sisi, tuliolelewa huku na Kiswahili cha jikoni, orodha isiyotaja nani haisherehekei chochote chetu.

Fikirieni hilo neno lenyewe. Nyimbo za zamani tunaziita zilipendwa. Hatusemi "nzuri" wala "za kale". Tunasema zilipendwa. Mliokuwa mnaamshwa Jumamosi asubuhi kwenda kusoma Kiswahili wakati wenzenu wanatazama katuni mnakumbuka kauli ya kutendwa: chai imenywewa na baba, barua imeandikwa na mama. Mwalimu alikuwa anatusisitizia ile "na". Sasa zilipendwa imekatwa pale pale kabla ya "na". Nyumbani haikuwa na shida, kila mtu alijua ni na nani: na sisi tuliokuwa tunacheza usiku ule. Lakini ukiichukua ikavuka bahari miaka 35, "na" ikipotea, tunabaki na mapenzi yasiyo na mwenyewe.

Na wazee wetu walikuwa wanajua kuitunza hiyo "na". Mwezi wa Februari, Leonard Mambo Mbotela alipofariki, mamangu alikaa kwenye kochi jioni nzima akisimulia redio. Kama humjui Mbotela, muulize mzee yeyote wa Kenya kuhusu "Je, Huu ni Ungwana?", kipindi kilichoanza 1966, kisha ukae chini usikilize. Basi mamangu kutoka kwa Mbotela akaingia kwenye kadi za salamu. Ulikuwa unanunua kadi, unaandika wimbo unaoutaka, halafu unajaza majina: kutoka kwa fulani wa Majengo, kwa fulani wa Malindi, kwa shemeji wa Voi, kwa wote wanaonifahamu. Unaipeleka posta. Mtangazaji anasoma majina yote, hata kama ni ishirini, ndipo wimbo unapigwa. Tanzania vile vile, Redio Tanzania walikuwa na salamu zao.

Mimi mhasibu nikasikiliza nikajiambia: kumbe hii nayo ni hesabu! Wimbo uliopendwa sana ni ule uliokuja na kadi nyingi. Ila kila kura ilikuwa na mtu aliyetuma na mtu aliyetumiwa, na huwezi kuupenda wimbo kwenye kadi bila kumpenda mtu ndani yake. Kwenye taarabu ni hayo hayo. Ukiupenda ubeti, unainuka mbele ya ukumbi mzima na noti mkononi, unakwenda kumtunza mwimbaji, na kila mtu anaona ni nani aliyeinuka, na wengi wanajua ubeti unamlenga nani.

Mtaniambia: we mzee, haya ni mambo ya redio, dunia imebadilika. Sawa. Lakini ngojeni niwaambie kwa nini mimi yananiuma.

Nikiwa na miaka saba, mwalimu wangu mmoja hapa Toronto, mama mwema kabisa, aligundua kuwa nyumbani tunazungumza Kiswahili. Akafurahi. Akanisimamisha mbele ya darasa niseme "hakuna matata". Ile filamu ilikuwa imetoka 1994, kila mtoto anaijua. Nikasema. Darasa zima likaanza kuimba. Wakanitaka tena wiki iliyofuata, na ile nyingine. Sasa, nyumbani kwetu watu hawasemi hivyo. Mamangu husema "si neno". Babangu husema "haidhuru". Lakini hakuna aliyeniuliza mamangu anasemaje, kwa sababu Kiswahili kilichopendwa kilikuwa kimeshajulikana ni kipi. Kilikuwa cha nguruwe na mnyama mdogo wa katuni. Mwaka ule ndo nilianza kumjibu mamangu kwa Kiingereza ndani ya lifti, watu wasinisikie. Sikurudi kumjibu kwa Kiswahili mpaka chuo kikuu.

Hesabu ya watu wengi haina ubaya, ila sisi ni wachache mno kuishinda. Disney walisajili yale maneno kuwa alama ya biashara kwenye nguo tangu 2003, na watu wengi wakaja kushtuka mwisho wa 2018, makumi ya maelfu wakatia saini kupinga. Mimi niliposikia nilifikiri: hawa wanasheria ni mwisho tu wa safari. Mwanzo wake ni pale tulipokubali kwamba chetu ni kile kilichopendwa na wengi, hata kama hakuna anayeweza kututajia mmoja.

Basi nikampendekezea mpwa wangu tufanye kadi. Akakunja uso. "Mjomba, hiyo si data." Nikamwambia wallahi ni data, tena safi kuliko yako. Tukanunua kadi za karatasi ngumu, tukazipitisha mlango kwa mlango kwa ndugu na majirani waalikwa: andika wimbo, kutoka kwa nani, kwa nani, na kwa nini. Zikarudi kadi 41. Siwezi kuwapa zote. Hizi ni saba, kwa mpangilio zilivyosomwa ukumbini, na mpwa wangu ndiye aliyekuwa mtangazaji, kwa Kiswahili chake cha kujikwaa.

1. "Sukari", Zuchu (2021)

Kutoka kwa mpwa wangu, kwa nyanya yake.

Alianza na yake mwenyewe, na hapa lazima nikiri kwamba namba zilikuwa na faida. Bila mamilioni ya watu kuusukuma, wimbo huu usingemfikia mtoto wa Etobicoke aliyeacha kuzungumza Kiswahili akiwa na miaka mitano. Neno kwa neno ameokota humo, na anajua maana. Lakini kadi ilimlazimisha aeleze kwa nini anampa nyanya. Akaenda kutafuta habari za Zuchu, akakuta ni binti ya Khadija Kopa wa Zanzibar. Yule yule wa taarabu, wa Culture Musical Club, baadaye TOT, ambaye mamangu ana kaseti zake kwenye kabati hadi leo. Mama na binti wameimba pamoja pia, "Mauzauza", mwaka 2020. Binti akawapigia wote na huo. Mamangu aliinuka na noti ya dola ishirini akamtunza mtangazaji.

2. "Vidonge", Malika

Kutoka kwa shangazi yangu, kwa "anayejijua".

Hakutaja jina. Ukumbi mzima ulipiga vigelegele na wanawake watatu wakaangalia sakafu. Watoto wakaniuliza kuna nini. Nikawaambia hii ndo mipasho: mtu anakusema mbele ya watu mia mbili bila kukutaja, na huwezi kulalamika, ukilalamika umekubali ni wewe. Nawauliza wataalamu wa orodha, hili mtalihesabuje? Wimbo ulipigwa mara moja, ukasikilizwa na watu 70, na kazi yake ukaifanya kwa mmoja. Shangazi alilala vizuri usiku ule.

3. "Malaika"

Kutoka kwa shemeji yangu, kwa dada yangu.

Huu ulikuwemo kwenye orodha ya kwanza pia, kwa sababu dunia nzima imeuimba: Miriam Makeba na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya 1965 iliyochukua Grammy, Boney M, Angélique Kidjo. Mkenya Fadhili William aliurekodi mapema miaka ya 60, lakini nani hasa aliutunga? Wengine husema ni yeye, wengine Adam Salim, na watu wamebishana miaka na miaka. Ona basi: wimbo wetu uliopendwa kuliko wote hauna "na" hata kwenye utunzi wake! Shemeji yeye hakuingia kwenye ubishi. Wimbo ni wa kijana asiye na mali ya kuolea. Kadi yake iliandikwa: "Nilikuoa nikiwa na mkopo wa chuo. Nimemaliza kulipa mwaka jana." Dada yangu, ambaye halii kwenye misiba, alitoka nje kidogo.

4. "Baba Yetu", Christopher Tin (2005)

Kutoka kwa mama mmoja wa Bukavu, jirani yetu, kwa mwanawe.

Wachezaji wa Civilization IV mnaujua, ndio unaofungua ule mchezo wa kompyuta. Mwaka huu umetimiza miaka 20. Mwaka 2011 ulishinda Grammy, muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video kupata tuzo hiyo. Maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mama huyu ni mwanakwaya. Siku moja alipita mlangoni kwa mwanawe, kijana ambaye kanisani haendi, akamsikia anaimba sala yote huku anajenga miji yake kwenye skrini. Akasimama pale mlangoni hakusema kitu. Watu wengi duniani wameupenda wimbo huu bila kujua wanachosema. Kijana yule alijua. Kadi ya mamake ilisema tu: "Nilikusikia."

5. "Wavin' Flag", K'naan

Kutoka kwa jirani wa ghorofani kwetu, kwa marafiki wawili waliokufa kabla ya kufika miaka 25.

Si Kiswahili, najua. Lakini karamu ilikuwa Dixon, mtaa ambao watu wengine huuita Mogadishu Ndogo, na huyu jirani Msomali Kiswahili chake cha Eastleigh kinanishinda mimi. K'naan alizaliwa Mogadishu akakulia Rexdale, kaskazini tu ya hapa. Ule wimbo dunia iliupenda 2010 kwenye Kombe la Dunia la Afrika Kusini, umeshabadilishwa maneno uwe wa sherehe na soda. Wasanii wa Kanada nao wakauimba kwa ajili ya Haiti, ukashika namba moja nchini. Jirani aliandika kwa herufi kubwa kwenye kadi: WA KWANZA, SI WA MPIRA. Wa kwanza uko kwenye albamu ya 2009, na ndani yake mna vita na umaskini. Hao marafiki wawili ndio waliompa ile CD. Ule wa mpira hawakuwahi kuusikia. Tulipiga wa kwanza, na wavulana wa zamani, sasa wababa wenye vitambi, walisimama wima mpaka ulipoisha.

6. Steenzi ya Dada Masiti

Kutoka kwa babangu, kwa watu wa Barawa popote walipo.

Babangu ni Mbarawa. Kiswahili chake cha kwanza ni Chimwiini, kile cha Barawa, na wengi wenu hamjawahi kukisikia. Vita vya 1991 viliwatawanya waliokizungumza, Mombasa, London, Atlanta na kwingine. Dada Masiti alikuwa mshairi mwanamke wa mji ule, akafariki 1919, na tenzi zake za dini, steenzi kama wanavyoziita, akina mama wa Barawa walizishika kwa moyo. Babangu alifundishwa na bibi yake. Mpwa wangu alitafuta ya kupiga, hakupata ile ambayo babangu anaitaka, kwa sauti ile anayoikumbuka. Akamwambia, "Babu, haipo." Babangu akasema, "Ipo, mimi ninayo." Akaja mbele, akakataa kipaza sauti, akaisoma yeye. Hakuna aliyeelewa yote. Mimi nilielewa labda nusu. Nilipokuwa narekodi kwa simu nilikumbuka kwamba kwenye hesabu ya YouTube steenzi ile ni sifuri, na kwa babangu ni ya kwanza.

7. "Jambo Bwana", Them Mushrooms (1982)

Kutoka kwa mjomba wangu, kwa "mpwa wangu anayeuita wimbo wa wazungu".

Huyo mpwa ni mimi. Niliposikia jina la wimbo nilicheka, nikidhani ni utani. Wanaonijua wanajua msimamo wangu: huu ni wimbo wa hotelini, umetungiwa watalii, na ile "hakuna matata" imo humo humo miaka kumi na mbili kabla ya filamu. Boney M nao wakauchukua 1983. Kwenye harusi ukipigwa mimi hutoka kwenda kutafuta maji.

Mjomba aliomba aisome kadi yake mwenyewe. Alikuwa weita kwenye hoteli moja pwani ya kaskazini ya Mombasa miaka ile ya 80. Kila usiku baada ya chakula, weita wote wanapanga mstari, wanauimba kwa wageni. Miaka minane. Akasema, "Huyu kijana amesoma, na anasema wimbo hauna heshima. Pengine. Lakini Teddy Kalanda aliyeutunga ni mtu wa pwani kama sisi, na mimi nikiuimba vizuri, wageni walikuwa wanatoa bakshishi. Nusu ya nauli ya babake na mamake kuja Kanada, bakshishi ile ndiyo iliyolipa." Kisha akanigeukia. "Kwa hivyo ukiuliza umependwa na nani, umependwa na mimi. Si sana, lakini nimeupenda."

Miaka 35 sikuwa najua. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza. Nilikuwa nimeshajua jibu, kama yule mwalimu wangu alivyokuwa ameshajua Kiswahili kilichopendwa ni kipi. Yeye aliipokea hesabu ya wengi akaifurahia, mimi nikaipokea hiyo hiyo nikaichukia, na wote wawili hatukumuuliza mwenye wimbo. Sikutoka kutafuta maji usiku ule. Nilipanga mstari na mjomba.

Kwa hivyo msinielewe vibaya. Sisemi vya zamani ni bora kuliko vya sasa, wala sisemi kinachopendwa na wengi ni kibovu. "Jambo Bwana" imeniumbua. Zuchu naye anastahili kila mtazamaji aliyempata, na msanii hali kwa kadi za salamu. Ninachosema ni kwamba namba inakwambia wimbo umefika mbali kiasi gani. Haikwambii umefika kwa nani. Na hilo la pili ndilo linaloamua kama mtoto wa Dixon Road atajibu kwa Kiswahili ndani ya lifti au atanyamaza. Mtoto hajifunzi lugha kwa sababu watu milioni mia wanaipenda. Anajifunza kwa sababu mtu mmoja anayemjua kwa jina anaipenda, na anataka kumjibu.

Na wakati hautungoji. Mjomba ana miaka 71. Babangu ana 74. Zile kadi 41, kumi na moja ziliandikwa na watu waliopita sabini, na nyimbo zao nyingine hazimo popote isipokuwa vichwani mwao. Orodha ya YouTube itakuwepo hata kesho. Hawa sina hakika.

Kwa hivyo nawaomba hivi. Penye maadhimisho mengine kwenu, iwe ni miaka mitano ya ndoa, thelathini ya kuhamia, au siku ya kuzaliwa kwa nyanya, orodha ya vilivyopendwa mtaitengeneza tu, hiyo haiepukiki. Itengenezeni. Lakini kabla ya kuipiga, muulize mtu mmoja mzima kwenye familia yako swali la mamangu. Uliza kwa Kiswahili, hata kama ni cha kuvunjika. Ukijibiwa, andika jina.

Mpwa wangu ameihifadhi ile orodha yake ya kwanza, hakuifuta. Ameongeza safu moja pembeni, kulia kwa ile ya idadi ya watazamaji. Juu yake ameandika neno moja: "Na". Nyingi bado ziko wazi. Wikendi iliyopita alipanda basi la 52 peke yake kwenda kwa shangazi na daftari mkononi, kwenda kumuuliza juu ya "Vidonge". Anataka kujua anayejijua ni nani. Amerudi na nyimbo tano zaidi, lakini jina lile hakupewa.